Unaanza kazi mpya Jumatatu? Mwongozo kamili wa kumtegemea Mungu kuanzia mkataba hadi siku ya 90

Kanisani kwetu kijana akipata kazi tunamwita mbele, tunamwombea, watu wanapiga makofi, vigelegele, afu baada ya wiki tano nakutana nae kituoni amechoka hata salamu haitoki vizuri, ananiambia dada kiukweli sikumbuki mara ya mwisho nimeomba asubuhi ilikuwa lini. Sio mmoja, ni wengi, na wote wanakwama palepale.

Ninachokiona ni hiki: mtu anaandaa vyeti, anaandaa mashati, anaandaa nauli ya mwezi mzima, ila imani anaiacha ijiendeshe yenyewe. Haijiendeshi. Foleni ya Mbagala peke yake inatosha kuimaliza ndani ya siku nne.

Nitatumia mfano wa mtu anayeanza kazi Dar es Salaam kwa sababu ndio mji ninaoujua, ukiwa Mwanza au Arusha badilisha majina ya vituo tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Daftari la karatasi, simu hapana. Wiki ya kwanza ukiwa umeinamia simu hakuna atakayejua unasoma Neno, wataona upo mitandaoni.
- Mistari mitano, uiandike kwa mkono wako: Yakobo 1:5, Zaburi 121:8, Mithali 15:1, Wakolosai 3:23, Yoshua 1:9. Ukiandika ishirini hutasoma hata mmoja.
- Mtu mmoja wa kukuuliza maswali. Mtu mmoja, grupu la WhatsApp halifai hapa, kule watu wanajibu "Amina" na kuendelea na mambo yao. Tafuta mama, kaka au mwenzako wa kwaya ambaye kila Ijumaa jioni atakupigia kukuuliza wiki imeendaje na wewe huwezi kumdanganya.
- Nakala ya mkataba wako.
- Bajeti ya mwezi wa kwanza kwenye karatasi. Tutaihitaji hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Omba, kisha usome mkataba mstari kwa mstari

Wengi wanafanya nusu ya kwanza tu. Yakobo 1:5 inasema mtu akipungukiwa na hekima na aombe dua kwa Mungu "awapaye wote kwa ukarimu, wala hakemei". Sasa umeshaomba hekima, itumie kusoma karatasi uliyopewa, maana kusaini bila kusoma kwa sababu "Mungu ameshafungua mlango" ni kumtwika Mungu kazi aliyokupa wewe macho uifanye.

Angalia haya manne: muda wa majaribio, saa za kazi, siku ya mapumziko, na mshahara kabla ya makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, inakupa mapumziko ya saa 24 kila wiki, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa dini kazini.

Kama wewe ni Msabato, au Jumapili asubuhi una zamu ya ibada usiyoweza kuiacha, lisemwe sasa hivi kabla hujasaini. Usingoje wiki ya tatu. Kuna sababu: ile kinga ya kisheria ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo. Huo ndo muda wako dhaifu zaidi, usiingie nao ukiwa na jambo umelificha.

Namna ya kusema, nakuomba usome Danieli sura ya 1 taratibu. Aliazimu moyoni kwanza. Kisha akaomba, hakugoma. Mkuu wa matowashi aliogopa, akaogopea kichwa chake kabisa, Danieli hakumwita adui wa Mungu, alienda kwa msimamizi na kumpa jaribio linalopimika: siku kumi, halafu utuangalie nyuso zetu. Basi na wewe sema hivi: "Jumamosi ni siku yangu ya ibada. Naomba niwe nafanya Jumapili na sikukuu badala yake, tujaribu mwezi mmoja, kama kazi italala tuzungumze upya." Wakikubali, omba iandikwe.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiweza kumweleza mama yako mkataba wako bila kuufungua.

## Hatua ya 2: Usiku wa Jumapili, lala

Najua nitawaudhi baadhi ya wapendwa. Mkesha wa kuombea kazi ni mzuri, ufanye Ijumaa. Kuamkia Jumatatu ya kwanza lala saa tatu na nusu usiku, maana saa 11 alfajiri unatakiwa uwe kituoni, na mtu aliyekesha anafika ofisini anasinzia wakati anaonyeshwa mfumo wa kazi, anaandika jina la bosi vibaya, halafu anasema ni vita. Zaburi 127:2 inasema Bwana "humpa mpenzi wake usingizi". Upokee.

Kabla ya kulala fanya vitu viwili tu: nyoosha nguo, na soma Yoshua 1:9 kwa sauti.

## Hatua ya 3: Ifunge sala kwenye kitu ambacho utakifanya hata iweje

Hapa ndipo watu wanapoangukia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukisema "nitaomba saa nzima kila asubuhi" na ulikuwa huombi saa nzima ulipokuwa nyumbani huna kazi, hiyo ahadi haifiki Alhamisi. Ikishavunjika unaona aibu, aibu inakufanya ukwepe kuomba kabisa, na hivyo ndivyo wiki tano zinapita. Kwa hiyo tusianze na saa. Tuanze na vituo vya siku ambavyo vipo tayari:

1. Miguu ikigusa sakafu asubuhi: Baba Yetu, taratibu, nzima. Haifiki dakika moja.
2. Ukikaa au ukining'inia kwenye daladala au mwendokasi: mstari mmoja kutoka kwenye daftari, uurudie moyoni. Safari ya Gongo la Mboto au Kimara mpaka Posta inakupa muda mwingi kuliko unavyodhani, na muda huo wengi tunaumaliza kwa kugombana na konda moyoni.
3. Ukivuka geti la kazini: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele." Zaburi 121:8. Huu mstari ni wa mlangoni kabisa, utumie mlangoni.
4. Ukivuka geti kutoka: mtaje kwa jina mtu mmoja uliyefanya nae kazi leo, umwombee. Hata yule aliyekuchukiza, hasa huyo.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba geti halisahauliki. Alamu ya simu utaizima, geti lazima ulivuke.

Ukipata nafasi ya chakula cha mchana na kazi yako iko katikati ya mji, Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph la Wakatoliki na lile la Walutheri la Azania Front yako hapohapo ufukweni, hatua chache kutoka kwa mwenzake. Dakika kumi za kukaa kimya ndani ya kanisa mchana wa Jumatano zimewahi kunifaa kuliko semina ya siku tatu.

Tahadhari: usifanye sala yako kuwa tangazo. Kuweka Biblia kubwa mezani siku ya kwanza ili watu waone, kuimba mapambio kwa sauti kwenye ofisi ya wazi, Mathayo 6:6 inakwambia ingia chumbani ufunge mlango. Biblia ikae kwenye mkoba.

Dalili kwamba imekubali: siku moja utavuka geti bila kusema kitu, na utahisi umesahau kitu nyumbani.

## Hatua ya 4: Jifunze sala ya sekunde tatu

Mfalme alipomuuliza Nehemia "una haja gani?" Nehemia aliomba kwa Mungu wa mbinguni, hapohapo, halafu akajibu (Nehemia 2:4-5). Mfalme hata hakujua kuna sala imepita katikati. Ila ona, alikuwa ameshaomba na kufunga tangu mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, kama miezi minne hivi, kwa hiyo ile fupi ilikuwa na mahali pa kusimama.

Kazini utaihitaji sana. Bosi amekuita, mteja anafoka, umeulizwa kitu hukijui mbele ya watu: vuta pumzi, "Bwana nipe neno", jibu. Na kama jibu ni "sijui, ngoja niulize nikurudie", hilo nalo ni neno, liseme bila kutetemeka.

## Hatua ya 5: Wiki mbili za kwanza, zunguka ukuta

Nehemia huyohuyo alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akakagua ukuta ulivyobomoka, na hakumwambia mtu alichokusudia. Alikagua kwanza akaongea baadaye.

Basi wewe usifike siku ya pili ukaanza kushauri, wala kuhubiri. Andika kwenye daftari: nani anajua kazi kweli (mara nyingi sio mwenye cheo), faili zinakaa wapi, nani hasalimiani na nani, mlinzi anaitwa nani, dada wa usafi anaitwa nani. Wasalimie hao wawili kwa majina, na kama ni wakubwa kwako shikamoo isikose hata kama wewe una ofisi na wao hawana. Mimi huwa napima wokovu wa mtu kazini kwa namna anavyoongea na mlinzi.

Halafu fanya kazi. Wakolosai 3:23, "lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu". Kwa vitendo maana yake ni kufika dakika kumi na tano kabla, kutorudia kosa lile lile mara ya tatu, na kazi ya saa nane mchana isiyoangaliwa na mtu iwe sawa na ile ya saa tatu bosi akiwepo.

Na wenzako Waislamu, maana Dar utakuwa nao na pengine ndio wengi, Ijumaa mchana wakienda msikitini waambie nenda nitakushikia kaunta. Ramadhani usile mbele yao. Fanya kwa upendo tu, na utashangaa Ijumaa Kuu nani atakuwa wa kwanza kukwambia nenda kanisani mi nipo.

## Hatua ya 6: Andaa sentensi zako kabla hujajaribiwa

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa stoo. Wiki ya pili gari likaleta mzigo, karatasi imeandikwa boksi 50, mimi nimehesabu 47, dereva ananiambia saini tu dada hizo tatu zinakuja mchana, nyuma kuna watu wanasubiri, nikasaini. Hazikuja. Mwisho wa mwezi ikahesabiwa stoo, zikakatwa kwenye mshahara wangu. Kilichoniumiza zaidi ya hela ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeomba saa nzima, nimelia mbele za Mungu kabisa. Nilikuwa na sala, sikuwa na sentensi. Niliogopa kuonekana mgumu, na kinywani hamkuwa na kitu tayari.

Tangu hapo kila kijana ninayemsindikiza kazini namwandikisha sentensi, azifanyie mazoezi kwa sauti nyumbani mpaka zitoke zenyewe:

- Mzigo au karatasi usiyoielewa: "Nitasaini nikishahesabu, nipe dakika kumi."
- Risiti ya kuongeza bei: "Naomba niandike kilichotumika, hiyo nyingine nikiulizwa sitaweza kuielezea."
- Umeambiwa useme bosi hayupo na yupo: "Kwa sasa hapatikani, nichukue ujumbe wako?" Hujadanganya mtu.
- Mteja anakupa "ya soda" ili umpitishe foleni: "Asante, ila foleni ni hii, nitakuhudumia ukifika."
- Umbea: "Hilo silijui," na uendelee na kazi. Fupi.

Ziwe za upole. Mithali 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira. Usiongeze "mimi nimeokoka siwezi", ukisema hivyo umemwambia mwenzako yeye ni mwenye dhambi na sasa una kesi mbili. Mathayo 5:37 inatosha, ndiyo yako iwe ndiyo, siyo iwe siyo.

Tahadhari kubwa, hii isome mara mbili. Kama mtu mwenye cheo anakutaka kimwili ili upite majaribio, hapo hakuna sentensi ya upole ya kurudia rudia kila wiki. Yusufu aliacha vazi akakimbia, na kukimbia kulikuwa ndio imani yenyewe. Andika tarehe, saa na maneno kwenye daftari, usifute meseji, mwambie yule mtu wako wa Ijumaa siku hiyohiyo. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113. Na mtu yeyote akikwambia vumilia, omba tu, Mungu atambadilisha, usimsikilize hata kama ni kiongozi wa kanisa.

## Hatua ya 7: Usimfanye bosi kuwa pepo

Bosi amerudisha ripoti mara tatu. Mwenzako hakuitikia salamu. Kompyuta imegoma siku ya mwisho wa mwezi. Tunakimbilia kusema "wananipiga vita", wengine wanafikia kununua mafuta ya upako wanapaka kwenye kiti.

Anza na daftari. Andika nini hasa kilisemwa, na ulifanya nini kabla ya hapo. Kisha nenda ukaulize: "Bosi naomba unionyeshe ripoti moja iliyokaa vizuri niifuate." Mara nyingi mno ninazozijua, kumbe tatizo lilikuwa hakuna aliyemwelekeza huyu kijana, na swali moja lilimaliza vita nzima. Baada ya kuuliza ndipo uombe, na umwombee bosi mwenyewe, ana presha zake juu ambazo wewe huzioni.

Kama baada ya haya yote bado unaonewa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwenda huko hakukupunguzii imani.

## Hatua ya 8: Mshahara wa kwanza

Watu wanaumia sana hapa, na wanaumia kimyakimya kwa sababu wanaona aibu kusema.

Tuchukue mshahara wa 600,000. NSSF asilimia 10 ni 60,000. Inabaki 540,000 inayokatwa kodi, PAYE yake ni 24,000. Kama una mkopo wa chuo wa HESLB, bodi ya mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 90,000. Mkononi: 426,000. Nauli ya 2,400 kwa siku kwa siku 24 ni 57,600, chakula cha mchana cha 3,000 ni 72,000. Umebaki na 296,400 na hatujalipa chumba, hatujatuma nyumbani, na kama ulianza tarehe 15 gawanya mshahara wenyewe kwa mbili.

Sasa huyu mtu ameshaahidi mbele ya kanisa mshahara wote wa kwanza kuwa malimbuko, kwa hiyo mwezi unaofuata anakopa nauli kwenye simu, riba inapanda, anaanza kuchelewa kazini kwa sababu anatembea vituo viwili, na muda wa majaribio bado haujaisha.

Nisieleweke vibaya. Ninaamini kutoa. Mithali 3:9 ipo, mheshimu Bwana kwa malimbuko, na kuna watu wenye wazazi wanaowalisha wanaotoa mshahara wote kwa furaha, Mungu awabariki. Ila soma pia Kumbukumbu la Torati 26, mkulima alitia malimbuko kwenye kapu. Kapu. Shamba lilibaki. Na Paulo kwenye 2 Wakorintho 8:12 anasema kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Fanya hivi: siku hela inapoingia, kabla ya kununua chochote, toa zaka (kwa huyu 42,600 akihesabu anachopokea), tenga nauli na chakula cha mwezi mzima kwenye laini nyingine, kodi ya chumba, kisha cha mzazi hata kama ni 20,000. Kwenye kinachobaki chagua kapu lako la malimbuko, kiasi unachoweza kukitoa huku unatabasamu. Usimwahidi mtu kiasi kabla hujaona karatasi ya mshahara. Usikope ili utoe.

Umefaulu kama tarehe 25 ya mwezi unaofuata bado una nauli na hujajificha Jumapili kwa sababu ya ahadi.

## Hatua ya 9: Siku ya 90

Weka tarehe kwenye daftari leo hii, miezi mitatu kutoka siku ya kwanza. Siku hiyo kaa na mtu wako wa Ijumaa, msome daftari lote pamoja, mjibu: ni geti lipi nimeacha kuombea? Sentensi ipi imeshindwa kutoka? Nani kazini nimemkosea sijaomba msamaha? Nini Mungu amefanya ambacho nilisahau kumshukuru? Hili la mwisho lianzeni, maana mkisoma kurasa za wiki ya kwanza mtakuta hofu ambazo leo hata hazikumbukiki.

Kama mmefika siku ya 90 na kazi haikukaa, umeachishwa au umeona haikufai, daftari lisomwe vilevile. Yusufu alifanya kazi yake vizuri na bado aliishia gerezani, na Mwanzo 39 inasema kule gerezani nako Bwana alikuwa pamoja naye. Omba barua ya utumishi, waage wenzako kwa majina akiwemo mlinzi na dada wa usafi, na daftari uende nalo kazi inayofuata, ukurasa mpya, mistari ile ile mitano.